Karatasi ya mgeni haina ukurasa wa mwenyeji

Mhariri,

Tangu mwaka 2016 nimepokea nyumbani kwangu, nje kidogo ya Tukuyu, vijana wanne wa kujitolea kutoka Ulaya. Watatu wasichana, na mvulana mmoja ambaye mpaka leo hunitumia salamu za Krismasi na kuniita mama. Kwa hiyo ninayoandika si ya kusimuliwa.

Wa kwanza alikuja Juni. Mtu wa wilaya yetu ya Rungwe anaijua Juni: ukungu, manyunyu, nguo zinakaa kwenye kamba wiki nzima hazikauki. Kijana wa taasisi iliyomleta alishuka naye kwenye bajaji, akanipa karatasi sita za Kiingereza na kunionyesha pa kusaini. Nikasaini. Usiku binti yangu, wakati huo yuko kidato cha tatu, akanisomea huku anakoroga mboga. Mgeni ana haki ya chumba chenye kufuli, chandarua, maji salama, bima ya afya, siku ya kupumzika, na namba ya kupiga saa yoyote akipata shida. Haki nzuri zote, hata mwanangu ningependa azipate akiwa ugenini. Nikauliza, na sisi je? Akageuza karatasi mbele na nyuma. "Mama, wewe upo hapa kwenye sahihi."

Haikuandikwa kwamba ndoo mbili za maji ya moto kila siku ni mkaa wa nani. Wala haikuandikwa hela ya chakula itanifikia lini. Ilinifikia wiki ya tano, imepungua, na kila niliyemuuliza imepungulia wapi alinielekeza kwa mwingine. Mwezi wake wa pili kwangu wakapita maafisa uhamiaji, kumbe msichana ameingia na viza ya matembezi. Anayekuja kujitolea anatakiwa kibali cha ukaazi daraja C, hata kama halipwi senti. Yeye hakujua, mimi ndiyo kabisa. Lakini aliyekosa usingizi ni mimi, maana analala kwangu.

La picha liliniuma zaidi. Msichana alikuwa akisaidia darasa la chekechea. Akampiga picha mtoto wa jirani yangu, kamasi zinatoka, sweta limechanika kiwikoni, akairusha mtandaoni akiwaomba rafiki zake wachangie. Mama wa mtoto aliiona kwenye simu ya bodaboda pale kijiweni. Hakuja kugomba. Alikaa kwenye kigoda changu, akakataa chai, halafu akasema: "Kwa nini hakunisubiri nimvalishe?" Mtoto yule ana sweta la buluu la kanisani, halina hata tundu.

Sheria ya Mtoto tunayo tangu 2009, na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Mwaka ule hii ya pili haikuwapo, lakini mzazi wa kuombwa ruhusa alikuwapo, hatua thelathini kutoka getini. Nilipomweleza binti yule alilia, akaifuta, akaenda mwenyewe kuomba radhi na kuanza na "ugonile", salamu yetu ya Kinyakyusa, kama nilivyomfundisha. Mtoto mzuri tu, miaka kumi na tisa. Hakuna aliyemwambia kabla.

Na sisi tusijitakase. Mwalimu wa darasa lile, alipoona kapata msaidizi, alianza kwenda shambani asubuhi na kumwachia watoto hamsini na kitu msichana asiyejua Kiswahili wala ualimu. Shemeji yangu alimwomba kompyuta siku ya tatu. Kila mchango ulipotangazwa, jina la msichana lilikuwa la kwanza kwenye daftari, na kiasi kimeshajazwa. Mimi mwenyewe niliwahi kumwambia gunia la mkaa limepanda bei kabla halijapanda. (Nilirudisha kwa mbalaga, ndizi zetu za kupika, na maziwa, lakini nilisema.)

Nilifumbuka macho pale mtoto wa dada yangu, ambaye kwangu ni mwanangu, alipokwenda Ujerumani. Mpango wao wa vijana wa kujitolea, uitwao weltwärts, ulianza mwaka 2008 kwa kuleta vijana wao huku kwetu na kwingine. Mwaka 2013 ukafunguliwa upande wa pili, wetu nao wakaanza kwenda. Alifanya kazi mwaka mzima kwenye nyumba ya wazee. Mkataba wake ulitaja saa za kazi, likizo, bima na posho ya mfukoni. Kwa sheria ya huko vijana wa huduma ile ya kujitolea wanapewa siku 25 za semina kwa mwaka, wanakaa pamoja na kuambiana kinachokwenda na kisichokwenda. Alirudi na vyeti na maneno mengi ya kuwasifu wale wazee. Nikamuuliza familia aliyokaa nayo ilijuaje la kufanya. Akasema iliitwa kwanza, ikaelezwa, ikauliza maswali.

Mimi katika wageni wanne sijaitwa hata nusu siku.

Ninachoomba taasisi zinazotuletea vijana ni kidogo. Makubaliano yaandikwe kwa Kiswahili pia, yanifikie wiki mbili kabla mgeni hajapanda basi la Mbeya, na nakala ibaki kabatini kwangu. Yaseme hela ni kiasi gani na inalipwa na nani, kibali kinafuatiliwa na nani, mgeni atafanya kazi gani na ipi haruhusiwi hata akiombwa. Na shule isaini ukurasa wake, mwalimu asimwachie mgeni darasa.

Agosti natarajia wa tano. Karatasi za taasisi bado sijaziona, kwa hiyo nimeandika ukurasa wangu kwenye kauntabuku, na binti yangu, ambaye sasa ni mwalimu, ameutafsiri. Picha ya mtoto: muulize mama yake, umsubiri amvalishe. Mchango: mwambie mwenyekiti aje aongee na mimi. Maji ya moto: ndoo moja nakuchemshia mimi, ya pili jiko lile pale.

Mama mwenyeji,
Tukuyu, Mbeya