Jumamosi tunapima chemchemi

Ndugu zangu, habari za jioni. Wazee wetu, shikamooni.

Kabla hatujachanga hata shilingi ya bomba, tukapime chemchemi ya juu. Milima yetu hii ya Usambara wakati wa masika kila korongo lina maji. Sasa ni mwisho wa kiangazi, vuli bado. Kinachotoka leo ndicho cha kutegemea.

Njooni na ndoo ya lita 20 na simu ya kuhesabia sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 50, ni kama lita 34,500 kwa siku. Sera ya maji ya 2002 ilimpigia kila mtu wa kijijini lita 25 kwa siku, kwa hiyo yangetosha watu zaidi ya 1,300, mradi tujenge tangi la kukinga ya usiku. Bila tangi yanamwagika bondeni sisi tumelala.

Maji yatashuka kwa mserereko, bila pampu wala dizeli. Ila kila mita 10 za kushuka zinaongeza takriban baa 1 ya presha, na mteremko wa kwenda shuleni ni mkali. Tangi la kupunguza presha katikati ni lazima, la sivyo mabomba ya chini yatapasuka. Hapo tusibane hela.

Linaloniumiza ni kabichi kulimwa hadi ukingoni mwa chanzo. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60. Wazee, naomba tukae na wenye mashamba kwa upole, ni wenzetu.

Barua ya kumwomba mhandisi wa RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilaya iko kwa mwenyekiti wa kitongoji, pitieni msaini.

Mama zetu mnaochota pale kila siku, msikose. Saa 1 asubuhi, njia panda ya sokoni.