Fremu za maduka juu ya makaburi

Ndugu Mhariri,

Jumapili iliyopita, kwenye matangazo, tulisomewa mpango wa ujenzi wa kanisa letu la kijijini, wilayani Mpwapwa. La zamani livunjwe, lijengwe kubwa, na upande wa barabarani ziwekwe fremu za maduka. Kanisa kubwa tunalihitaji, maana vijana wanasalia nje chini ya turubai. Ninachokataa ni hizo fremu, kwa sababu zinapochorwa ndipo wamelala watu wetu.

Wageni wakija husimuliwa habari za Waingereza: wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana, walivyofika Mpwapwa mwaka 1876, Dakta Baxter na dawa zake, Mchungaji Price na Injili kwa Cigogo, lugha ya Wagogo, vita vya Abushiri vya 1889. Hayo yamo vitabuni, hayapotei. Lakini pale barabarani wamelala walimu wa dini waliotembea kwa miguu kutoka nyumba ya tembe hadi nyingine. Wenzao wengi, katika Vita ya Kwanza, Wajerumani waliwakamata na kuwapeleka Tabora wakidhani ni wapelelezi. Wapo pia waliokufa kwa Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, waliozikwa harakaharaka na watu ambao nao hawakuwa na nguvu ya kuchimba. Hakuna msalaba wala jina, ni jiwe la mlimani kichwani, na minyaa. Mimi namjua mmoja tu, baba yake bibi yangu, wa tatu kutoka kwenye mkwaju.

Tusitegemee sheria. Ile ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863; mengine hadi waziri atangaze. Wamisionari wenyewe walifika miaka 13 baada ya hapo, seuze makaburi haya!

Ninachoomba ni kidogo. Fremu zisogezwe upande wa shamba la mtama la kanisa, nako kuna njia. Daftari la mazishi litolewe kabatini kabla mchwa hawajalimaliza. Na wazee watatu waliobaki wapelekwe makaburini, mtu awaandikie wanachosema. Mmoja haoni tena, lakini ukimshika mkono na kumfikisha kwenye mkwaju, anahesabu makaburi kwa hatua na kutaja majina. Mpima ardhi anakuja Jumatano.

Mkristo wa siku nyingi,
Mpwapwa, Dodoma