Barua ya Wazi kwa Waziri wa Kilimo: Fukusi Wetu Wapimwe

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia nikiwa mkulima wa mahindi wilayani Kongwa.

Kila msimu, tukishapukuchua, tunachanganya dawa ya unga kama tulivyoelekezwa: gramu 100 kwa gunia la kilo 100. Baada ya miezi michache ukitia mkono guniani unatoka na vumbi, punje zina matundu, na fukusi wanatembea juu ya dawa ileile. Afisa ugani anasema tumepunja kipimo. Mwenye duka la pembejeo anasema tulichelewa. Sisi tunasema dawa ni feki. Hatubishani kwa ushahidi, maana majibu ya vipimo vya wadudu wenyewe hayajatufikia.

Kumwona fukusi hai peke yake hakuthibitishi usugu, yaani kwamba dawa haimuui tena. Jike hutoboa punje, hutaga yai na kuziba tundu. Mtoto hukulia humo ndani, dawa isimfikie. Hukutana nayo akitoka, baada ya wiki tano hivi kukiwa na joto. Shida ni yule anayetoka, akagaagaa kwenye dawa, na bado akaishi akazaa. Huyo huenda ana vimeng'enya vingi mwilini, kama esterasi, vinavyoivunja sumu kabla haijafika kwenye neva. Tukirudia sumu ileile kila mwaka, tunawabakiza wa aina yake.

Dawa tuliyoizoea ina sumu mbili: pirimifosi-methili kwa ajili ya fukusi, permethrini kwa ajili ya dumuzi, mdudu mwingine wa ghalani, yule tunayemwita Skania. Moja ikishindwa, mkulima anaendelea kulipia zote mbili.

Ninaomba Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ichukue fukusi kutoka Kongwa, Mbozi, Songea na Babati, iwapime kwa sumu halisi ya maabara, si ya dukani. Wakifa, basi tatizo ni dawa za madukani au uchanganyaji wetu, na wakaguzi wana kazi. Wakipona, vimeng'enya vyao vipimwe ijulikane sumu ipi bado inawaua. Majibu yabandikwe ofisi za kata kabla ya mavuno, na pale sumu iliposhindwa, ruzuku ielekezwe kwenye mifuko ya kinga njaa, inayoua wadudu kwa kuwanyima hewa.

Jambo hili lisisubiri, Mheshimiwa. Dawa isipoua, watu huongeza kipimo maradufu, tena kwenye mahindi ambayo watoto watayala.

Wako mtiifu,
Mkulima wa mahindi, Kongwa