Shukrani kwa mama wa kisiki hai

Mama yangu, hukutuachia jina. Naandika hapa nikiamini salamu zitakufikia, maana wanaofundisha kisiki hai, yaani kukuza miti upya kutoka kwenye visiki vilivyo hai, hapa Dodoma wanafahamiana.

Ulipokuja shambani kwetu Mpwapwa hukubeba miche. Ulishika panga, ukatuonyesha kwamba vile vichaka tunavyofyeka kila msimu ni miti: chini yake kuna visiki ambavyo mizizi yake ingali hai, tena imeshuka mbali kufuata maji. Ukachagua machipukizi machache yaliyonyooka, ukapogoa mengine, ukafunga kitambaa shinani ili mchungaji na mkata kuni wajue mti una mwenyewe. Hatukununua chochote! Ukatuambia wakulima wa Niger, nchi kavu kuliko yetu, walianza kazi hii miaka ya 1980 na ikaenea mno.

Kisha ukatufundisha fanya juu: mtaro unakatiza mteremko, udongo unatupwa upande wa juu, maji ya mvua yanazama badala ya kukimbilia korongoni na rutuba yetu.

Leo migunga imetupita kimo. Mtama unastahimili jua kali, mbuzi wanapata majani hata kiangazi, na mama watoto haendi tena mbali kutafuta kuni, maana matawi tunayopogoa yanatosha jiko letu. Hilo la kuni ndilo linalonigusa zaidi.

Majirani nao wameanza, nawaelekeza kama ulivyotuelekeza.

Asante sana, mama. Mungu akuzidishie. Ukipita tena Mpwapwa, karibu nyumbani ule ugali wa mtama wa shamba lile.