Soma pambizo kwanza

Morogoro, Jumanne usiku

Mwanangu,

Shikamoo yako ya jana kwenye simu niliipokea, marahaba. Huku hatujambo, ila mdogo wako ana mafua na jikoni panavuja tena, palepale fundi alipoapa hapatavuja. Nilitaka kukupigia, nikaona simu haifai. Nikikupigia unanijibu "sawa mama, sawa mama", nami nikikata sijui sawa ipi. Kwa hiyo naandika. Barua utaipata kwa kondakta wa basi la Alhamisi pamoja na mzigo mdogo. Kaupokee mwenyewe stendi, usimtume mtoto wa baba yako mdogo, yule akikutana na wenzake njiani hata jina lake hulisahau.

Kilichoninyima usingizi ni ile kauli yako kwamba huko Afrika Kusini kwenye chuo cha urubani mtapewa tableti, na chati za karatasi, zile ramani za marubani, ni mambo ya wazee. Ukacheka. Mimi ni mzee, hilo halina ubishi, na wala sikuudhika. Nilichojiuliza ni kimoja tu: kwenye hiyo tableti yake, huyu mtoto atasoma pambizo, yale maandishi ya pembeni mwa ramani?

Usiruke mistari. Najua unajua kitakachofuata.

Ile safari ya Iringa kwenye kompyuta, kwenye simuleta yako ya kuigiza kurusha ndege, sina haja ya kukusimulia, ulikuwa wewe kwenye usukani. Ila kuna jambo hulijui kwa sababu ulikwenda kulala. Mimi nilibaki mezani na rula. Nilichukua ramani ya nchi nzima, nikapiga mstari kutoka uwanja wa ndege wa Dar hadi Nduli, uwanja wa Iringa. Maili 210 za baharini. Ulikuwa mstari uleule wa pinki wa kwenye skrini yako, umenyooka kama uzi wa mwashi, na unapita juu kabisa ya mgongo wa Uluguru, kusini kidogo ya Mgeta kwa bibi yako. Kutoka Dar hadi pale ni kama maili 95. Kwa kile kindege chako kinachokwenda maili 110 kwa saa, ni dakika ya 52. Saa ya ukutani nayo ilikuwa imeniambia hivyohivyo uliposema "aah!" na skrini ikaganda.

Na si kwamba ulikuwa mzembe, hapo ndipo panaponiuma. Ulichagua futi 6,500 kwa sababu anayeelekea magharibi hushika elfu za shufwa na kuongeza mia tano. Sheria uliijua, ukaishika. Nilisimama mlangoni nikakusikia ukijisemea kwa sauti kama rubani wa kweli, nikasema moyoni, huyu kweli atafika. Kisha ukainuka, ukaenda sebuleni kuitazama ramani yangu ukutani, ukasoma kilele kinachoanzia na elfu mbili na mia sita, ukarudi umetulia. Elfu sita na mia tano juu ya elfu mbili na mia sita, nani asingetulia?

Mita, mwanangu. Zidisha kwa 3.28, unavuka futi 8,500, na hapo bado hujaweka zile futi 2,000 za kupumulia juu ya milima. Nilipokuambia ulijipiga paji la uso, tukacheka wote, mimi kwa sauti kuliko wewe. Ukabonyeza kitufe, ndege ikarudi Dar mzima mzima, abiria hakuna, mazishi hakuna.

Sasa kuhusu ile ramani ya sebuleni. Kama uliwahi kujiuliza mbona haina maandishi pembeni, fremu ilikuwa ndogo. Ilikuwa fremu ya picha ya harusi ya shangazi yako, kioo chake kizima, na mimi sikutaka kununua nyingine. Maandishi yale husema urefu ni kwa mita au kwa futi, kipimio ni kipi, ramani ilichapwa mwaka gani, kaskazini ya sumaku iko upande gani. Mkasi haujui kusoma.

Basi usije ukadhani nakusisitizia karatasi kwa kuwa naipenda. Karatasi inadanganya vizuri tu. Nimechora mistari ya kontua miaka 26, najua inatoka wapi: inatoka kwenye mkono wa mtu ambaye labda hajanywa chai. Mara moja niliandika kilima 1,530 badala ya 1,350. Mkaguzi aliliona, akalizungushia kalamu nyekundu, nikafuta kwa wembe. Hilo ndilo lililoonekana.

Na hiyo milima ya kwenye FlightGear, simuleta yako unayoisifu, sehemu kubwa ya urefu wake ilitoka kwenye rada ya chombo cha anga za juu, Februari 2000. Siku 11 wakawa wamepima kama asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia. Sisi karatasi moja tu ya Uluguru, kwa picha za ndege na watu kupanda kwa miguu, ilikula miezi. Niliposoma hilo niliona wivu kidogo, nakiri. Lakini rada ile ilipima kwa vijimraba, na kilele chembamba kikiingia ndani ya kijimraba pamoja na mteremko wake kinapungua. Mlima wa kwenye kompyuta unaweza kuwa mfupi kuliko ule anaolima bibi yako. Kwa hiyo hata kama ungepita salama usiku ule, usingenituliza.

Halafu lile swali lako la siku nyingi, mbona ukichukua namba za latitudo kwenye ramani zangu za zamani na kuziingiza kwenye programu uwanja unahama. Nilikujibu kwamba umekosea kusoma. Hukukosea. Ramani zetu za zamani zimejengwa juu ya kipimo cha kuhesabia mahali duniani kinachoitwa Arc 1960, na kompyuta inatumia kingine, WGS 84. Baina yao huku kwetu kuna karibu mita 300. Nalo huandikwa pambizoni, kwa herufi ndogo za chini. Nilikuwa napika siku ile.

Nitakupa habari moja ya kweli kisha sitakutisha tena. Desemba 1995 ndege kubwa ilitoka Miami ikienda Cali, Colombia, usiku. Marubani wazoefu, ndege nzima, injini zinaunguruma vizuri. Walitaka kuelekea kwenye mnara wa redio unaoitwa Rozo, na kwenye chati ya karatasi mnara ule umeandikwa R. Wakaandika R kwenye kompyuta. Kompyuta haikuwa na Rozo kwa jina la R. R yake ya kwanza ilikuwa Romeo, karibu na Bogotá, zaidi ya maili 100 kutoka pale. Ndege ikageuka kushoto, taratibu na kwa adabu, kuelekea milimani. Walikufa watu 159, wakapona wanne. Chati ilikuwa sahihi. Kompyuta nayo ilifanya ilichoambiwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, R ya nani?

Ndiyo maana siulizi kama mtatumia tableti au karatasi. Tumieni vyote. Nauliza pambizo.

Darasa la nne mlifundishwa mambo ya lazima ya ramani mkawa mnaimba: jina, ufunguo, kipimio, dira, fremu. Ulikuwa unaimba ukiruka kamba pale uani. Sasa una cheti cha kidato cha sita na daraja la kwanza, mjomba wako ametoa nusu ya ada kwa ajili ya daraja hilo, halafu unafungua chati na macho yanakimbilia katikati kwenye rangi. Anza pembeni. Chati ya ndege si kama ramani zangu zilizokaa miaka thelathini bila kuguswa. Mzunguko wake ni siku 28, kila siku 28 kuna masahihisho: mnara umezimwa, masafa ya redio yamebadilika, njia ya kurukia imepewa namba mpya kwa sababu sumaku ya dunia imesogea. Tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha zipo pembeni. Zile ulizokuwa unazipakua bure kwa bando langu nyingi zina onyo kabisa kwamba ni za simuleta, si za kurukia ndege ya kweli. Nilikuonyesha lile onyo ukasema "hiyo wanaandikaga tu".

Hawaandikagi tu.

La sumaku ndilo ninaloliogopa kuliko yote, na nilipaswa kukuambia mapema, ila huku kwetu halijitokezi. Hapa tofauti ya kaskazini halisi na kaskazini ya sumaku ni digrii chache tu. Umekua, umejifunza, umepasi, bila kuijali, na haijawahi kukuumiza. Johannesburg kaskazini ya sumaku iko kama digrii 20 magharibi ya ile halisi. Ukipima kwenye karatasi ukapata 270, dira ya kwenye ndege inatakiwa isome 290. Ukisahau ukaruka maili 60, utakuwa umepotea maili 20 na ushee. Kutoka Dar hadi Unguja ni kama maili 40, piga picha mwenyewe: nusu ya njia hiyo, upande usioujua, na chini yako nchi usiyoijua hata mlima mmoja. Kwenye kompyuta programu ilikuwa inakufanyia hesabu hiyo kimyakimya, hukuiona hata siku moja. Siku mwalimu atakapokuzimia kila kitu akakupa karatasi na penseli, na nasikia huwa wanafanya hivyo, ndipo utakapojua kama ulijifunza kuruka au ulijifunza kufuata pinki.

Maili zipime kwenye ubavu wa ramani, si juu wala chini. Dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini. Hilo unalijua, basi.

Nilirudia safari yako ya Iringa mwenyewe, usicheke. Niliiwasha kompyuta ulipokwenda Dar kushughulikia viza, mdogo wako akanifungulia ile Little Navmap, programu yako ya kupangia njia. Nikakataa mstari ulionyooka. Nikapita juu ya nyumba yetu hapa Morogoro, nikafuata barabara ya Mikumi, kisha nikashika Iringa. Unajua nimeongeza maili ngapi? Hazifiki 15. Dakika nane. Mbele kuna Kitonga, na Nduli wenyewe uko juu zaidi ya futi 4,600, kwa hiyo si kwamba huko ni tambarare, lakini Uluguru niliuona dirishani kushoto, mzima, mahali pake. Kutua sikuweza. Niliingia kwenye shamba la mahindi la mtu. Mdogo wako ananiita kapteni mpaka leo.

Kwenye mzigo kuna sweta mbili, ile ya bluu ni ya baba yako, huko kuna baridi ya kweli mwezi wa sita. Kuna karanga, na dagaa nimewafunga mara tatu wasinuke, sijui kama wataruhusiwa kupita, ukiona utata waachie kwa baba mdogo. Mpigie mjomba wako kabla ya Jumapili. Usimtumie ujumbe, mpigie. Ameuza ng'ombe wawili na hasemi, nami nimejua kwa mkewe.

Ndani ya bahasha ya kaki kuna kipande cha karatasi kirefu chembamba. Kilikuwa kimetandikwa kwenye droo ya cherehani tangu mwaka ule wa fremu, ndiyo maana kina matundu ya sindano na doa la mafuta. Kipimio kinasomeka, mchoro wa kaskazini unasomeka, mwaka umeliwa na mende kidogo. Neno "mita" lipo. Nimekikunja mara mbili tu, usikikunje zaidi.

Fundi wa bati anataka elfu themanini, nimemwambia arudi wiki ijayo, labda mvua itakuwa imenipunguzia hoja zake. LUKU imebaki uniti tisa. Kompyuta yako inakula umeme kuliko friji, sikuwahi kukuambia hili nisije nikaonekana nakuzuia, maana yale ya kukufichia jostiki kipindi cha mtihani wa kidato cha nne ulishaniambia mbele ya wageni, inatosha. Ilikuwa kabatini, nyuma ya madebe ya unga. Nadhani ulijua.

Mdogo wako anauliza kama anaweza kuitumia ukishaondoka. Nimemwambia ni mali yako, nitakuuliza. Nijibu kabla ya Ijumaa, maana ameshaichomeka.

Mama yako