Taa ya choo cha chini ya ngazi iamuliwe kabla ya zege

Mhariri,

Nyumba za ghorofa zinazidi kujengwa Kisumu na Nakuru, na nyingi zina kile choo kidogo cha wageni kilichobanwa chini ya ngazi. Vigae vyake huchaguliwa wiki nzima, sinki hurudishwa dukani mara mbili, lakini taa huachiwa fundi. Naye hupachika holda katikati ya dari, akatia balbu iliyobaki sebuleni, kazi ikaisha. Taa hiyo yafaa iamuliwe mapema, hata kabla ngazi haijamwagwa zege.

Sababu ni kwamba upande wa chini wa ngazi ndio dari ya choo. Zege likishakauka, huwezi kulichimba upitishe waya bila hatari ya kugusa nondo. Bomba la plastiki la milimita 20 lilazwe pamoja na nondo, au lipite ukutani kabla ya plasta. Aliyekwisha kuchelewa atumie tranking nyembamba, yaani mfereji wa plastiki wa kufichia waya, kwenye kona ya ukuta. Haipendezi sana, ila ni afadhali kuliko kuikatakata ngazi.

Mahali pa taa ndipo penye makosa mengi. Mara nyingi bakuli la choo hukaa upande ambao dari imeinama, na mlango uko upande ambao dari iko juu. Taa ikiwa karibu na mlango, anayesimama mbele ya bakuli huwa ameipa mgongo, na kivuli chake huanguka palepale anapotaka kuona. Ikipachikwa kwenye mteremko, mtu mrefu ataigonga kwa kichwa. Napendekeza taa moja ya ukutani juu ya kioo cha sinki, kama mita 1.8 kutoka sakafuni, yenye mfuniko wa rangi ya maziwa. Mwanga wake hutoka ubavuni, ukafika usoni na kwenye bakuli pia. Zile taa ndogo za kuzamishwa darini humulika duara sakafuni na kuacha kuta gizani, na chumba kidogo chenye kuta za giza huonekana kama shimo.

Kuhusu nguvu, soma lumeni kwenye boksi, yaani kiasi cha mwanga unaotoka kwenye balbu, usisome wati peke yake. Choo cha mita 1.2 kwa 1.6 hakifiki mita mbili za mraba. Balbu ya LED ya wati 6 yenye lumeni 550, hata nusu ya mwanga ikimezwa na mfuniko na kuta, itakupa luksi 140 hivi, yaani lumeni zinazofika kwenye kila mita ya mraba, na hizo zinatosha choo cha nyumbani. Ikiwaka saa nne kwa siku, hiyo ni uniti 0.72 kwa mwezi. Ile ya zamani ya wati 60 ingekula 7.2. Ila ukitia vigae vyeusi mpaka juu, hesabu hiyo inaharibika. Panda hadi lumeni 800.

Rangi ya mwanga huandikwa kwa Kelvini. 6500 ni nyeupe ya kibuluu, nayo humkatia usingizi mzee anayeamka saa nane za usiku. Chagua 3000. Tazama pia alama ya Ra, inayoeleza jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi za vitu: isiwe chini ya 80, na 90 ikipatikana ni bora, kwa kuwa mwanga usioonyesha rangi vizuri huficha wekundu, na damu kwenye mkojo au choo ni jambo la kuonwa mapema.

Walio karibu na ziwa wana shida yao. Vijidudu vya ziwani hupenya kwenye mfuniko ulio wazi, vikafia humo, na baada ya wiki chache kuna tabaka la kahawia linalozuia mwanga. Nunua taa iliyozibwa yenye alama ya IP54 au zaidi; alama hiyo huonyesha kinga dhidi ya vumbi na maji. IP44 huzuia matone ya sinki lakini si vumbi. Usitie balbu ya wati nyingi ndani ya mfuniko uliozibwa: joto hukosa pa kutokea, na sehemu za umeme zilizo kwenye kitako cha LED huungua kabla ya wakati.

Kihisi cha mwendo kinafaa kwa mikono yenye maji, lakini aketiye kimya huzimiwa. Weka muda wa dakika tano, na kisielekee mlangoni, la sivyo kila apitaye koridoni atakiwasha. Kama choo hakina dirisha, zungusha kile kitufe cha mwanga wa mchana hadi alama ya jua ili kifanye kazi saa zote.

La mwisho ni hatari. Swichi imezimwa, lakini balbu ya LED inabaki na mng'ao hafifu kama wa kimulimuli. Huenda swichi ina kile kitaa kidogo cha ndani, na hicho hakina madhara. Lakini huenda pia fundi alipitisha kwenye swichi nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaoleta umeme), na hapo holda ina stima hata taa ikiwa imezimwa. Anayebadilisha balbu anaweza kushika stima. Zima swichi, kisha fundi mwenye leseni aguse pini za holda kwa testa. Testa ikiwaka, azime mein swichi, ahamishe laivu ipite kwenye swichi, kisha apime tena mbele yako kabla ya kulipwa.

Fundi wa umeme,
Kisumu