Wageni wa wiki sita wasigeuzwe walezi wa watoto wetu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu kijana aliyeandika kwenye ukurasa huu wiki iliyopita akiwasifu vijana wa Ulaya na Marekani wanaokuja Moshi na Arusha kujitolea kwenye vituo vya watoto yatima, na akashauri serikali ilegeze masharti ya vibali ili waje wengi zaidi. Sina ugomvi na wageni. Wamekula chakula nilichopika, na baadhi yao mpaka leo tunajuliana hali kwa WhatsApp. Ila mimi nilikuwa mlezi katika kituo kimoja huku Kilimanjaro kwa miaka mingi, tena zamu ya usiku, na yanayotokea mgeni akisharudi hosteli kwake mwandishi yule hakuyagusa kabisa.

Wageni hujaa Julai na Agosti, shule za kwao zikifungwa. Kila kundi huja na nguvu mpya, na kila kundi huanza na somo lilelile: rangi, namba na sehemu za mwili, kwa Kiingereza. Tulikuwa na binti wa darasa la tano, hodari wa hesabu, ambaye kila akija mgeni mpya alikalishwa mkekani pamoja na wadogo zake kufundishwa kichwa na mabega. Alishazoea. Akiulizwa pua iko wapi anaigusa, anatabasamu, mgeni anapiga makofi. Jioni ananijia na daftari la desimali, "Mama nisaidie, kesho tuna mtihani," na mimi shule yangu iliishia darasa la saba. Ukuta wa bweni nao usiseme. Kundi moja lilichora twiga, lililofuata likapaka rangi juu yake likachora simba, halafu ukaja Mlima Kilimanjaro. Mafundi rangi wa Majengo wako kijiweni wanasubiri kazi, na paa la bweni hilohilo lilikuwa linavuja.

Hayo ni madogo. Kubwa ni la mvulana mmoja wa miaka minne, aliyeletwa kituoni akiwa mchanga. Gari lolote likipiga honi getini, wa kwanza kufika ni yeye. Anampandia mapajani mtu asiyemjua hata jina na kumkumbatia shingo. Wageni walikuwa wanatokwa machozi: jamani, ona anavyonipenda! Wenye watoto nyumbani mnajua kwamba mtoto mwenye mtu wake hafanyi hivyo. Akimwona mgeni hujificha kwanza nyuma ya gauni la mama yake, ndipo achungulie. Yule wetu alikuwa hana gauni la kujificha nyuma yake.

Akaja anti mmoja, msichana mpole kweli, nisimsingizie. Muda wake wote alimbeba mgongoni kwa khanga, akamlisha, akamlaza mchana. Siku ya kuondoka akamwambia atarudi. Mtoto alikaa getini mpaka giza likaingia, nikaenda kumtoa mimi. Usiku ule akakojoa kitandani, jambo ambalo alishaliacha, na alipoamka saa nane akawa anamwita anti. Asubuhi uji hakuugusa. Kabla mwezi haujaisha akaja anko mwingine, naye akarukiwa na kukumbatiwa vilevile, na kamera zikatoka.

Niliwahi kuitwa kwenye semina ya walezi, mwezeshaji akatueleza utafiti ulioanza mwaka 2000 huko Bucharest, Romania. Walichukuliwa watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye vituo, nusu wakapelekwa kwenye familia za malezi ya kambo, yaani familia nyingine zilizokubali kuwalea, nusu wakaendelea na malezi ya vituoni. Waliopelekwa kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili, na zaidi ya wote waliowahi kutoka kituoni kabla ya kutimiza miaka miwili. Vituo vile havikukosa chakula. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kudumu, anayejua kilio hiki ni cha njaa na kile ni cha ndoto mbaya. Walezi tuliokuwa mle semina tuliangaliana. Hilo tulilijua, ila hatukuwa na cheo cha kulisema.

Sasa nitasema ambalo wengi hawapendi lisemwe. Yule mvulana ana bibi yake Mwika. Mama yake alifariki siku chache baada ya kujifungua, baba akaenda machimboni Mererani, habari zake zikaishia huko. Bibi alikuwa akija Jumapili baada ya ibada, na ndizi mchare na chupa ya maziwa mgando. Uongozi ukamwambia asije siku za wageni. Mgeni aliyelipa kuja kulea yatima akimkuta bibi mwenye afya yake, anayetaniana na mjukuu, ataanza kuuliza maswali. Basi bibi akawa anakaa ng'ambo ya barabara kwa mama muuza mkaa, kikapu miguuni, anasubiri gari la wageni litoke ndipo abishe hodi.

Siku moja nilimuuliza: mama, kwani nini kilikushinda mpaka ukamleta huku? Akanijibu bila kusita: maziwa ya kopo. Kopo moja haliwezi kumfikisha kichanga wiki nzima, na yeye alikuwa anaishi kwa kuuza ndizi. Alimleta mjukuu kwa sababu ya maziwa. Mtoto akamaliza umri wa kopo, akaanza kula ugali na dagaa kama wenzake, na hakuna aliyewahi kumwambia bibi, njoo sasa umchukue. Yule anti mpole aliniambia aliilipa kampuni ya kwao zaidi ya dola elfu mbili, mbali na tiketi ya ndege. Pigeni hesabu wenyewe. Hizo zingenunua maziwa ya kichanga mpaka aache kopo, na chenji ya bati la jikoni kwa bibi ingebaki.

Bibi huyu hayuko peke yake. Shirika la Save the Children liliandika mwaka 2009 kwamba duniani kote angalau watoto wanne kati ya watano walioko kwenye vituo wana mzazi mmoja au wote wawili hai. Mtoto akishaitwa yatima kwenye picha, ndugu zake wanafutika. Kituo nacho kinajikuta kinahitaji vitanda vijae, kwa sababu kitanda kitupu hakileti mgeni. Sisemi vituo vyote viko hivyo. Nimefanya kazi na masista waliokuwa wakipanda milima kutafuta shangazi wa mtoto mpaka wampate. Lakini fedha za wageni zinavuta upande ule mwingine, na shangazi hana wa kumvutia upande wake.

Kuhusu masharti ya vibali, mwandishi analalamika kwamba kibali cha ukaazi daraja C, kile wanachopewa wanaokuja kujitolea, kina usumbufu. Mimi naona usumbufu hautoshi. Kijana huyo huyo akitaka kufundisha chekechea Uingereza, ataombwa kwanza taarifa zake za polisi. Getini kwetu aliulizwa nini? Pasipoti, na ukubwa wa fulana. Majirani zetu Wakenya wamejifunza kwa machungu. Mwaka 2015 mahakama ya Birmingham ilimfunga zaidi ya miaka 17 Mwingereza aliyewadhalilisha watoto wa mtaani huko Gilgil, mtu aliyekuwa na shirika la kuleta vijana wa kujitolea. Mwaka uliofuata, Mmarekani wa Oklahoma akahukumiwa miaka 40 kwa makosa aliyowafanyia watoto wa kituo cha Nairobi alikokwenda kujitolea. Wote wawili walifungwa na mahakama za kwao. Watoto walibaki huku.

Kenya ilisimamisha kusajili vituo vipya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mpango wa miaka kumi wa kurudisha malezi kwenye familia. Rwanda ilitangulia. Mwaka 2012 ilihesabu watoto 3,323 katika vituo 33, ikaanza kuwarudisha kwa ndugu na familia za malezi. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zizuie madhara ya utalii huu wa kujitolea kwenye vituo vya yatima. Sisi Sheria ya Mtoto tunayo tangu 2009. Kifungu cha 7 kinampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, malezi ya kambo yamo, leseni za makao ya watoto zimo. Lakini afisa ustawi wa jamii mmoja anahudumia kata kadhaa na hana hata pikipiki. Ukimwita akague kituo, unamtumia nauli.

Nisieleweke vibaya kwamba mgeni hana la kutusaidia. Alikuja mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo, mtu mzima, si mwanafunzi. Tulikuwa na mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye kumlisha ilikuwa vita, anapaliwa kila kijiko. Yule bwana hakumgusa mtoto siku ya kwanza. Alikaa pembeni akatuangalia sisi. Kesho yake akakunja khanga mbili kama ngata, moja chini ya magoti, nyingine ubavuni, akatuonyesha namna ya kumkalisha wima, kidevu kiiname kidogo, kijiko kije kutoka mbele badala ya juu. Akamfundisha mlezi wa mchana, akanifundisha mimi wa usiku, akamfundisha mpishi. Alipoondoka hakuna mtoto aliyelia getini, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemzoea. Na yule mtoto akawa anamaliza bakuli lake la mtori. Mpaka leo nikimwona mama mwenye mtoto wa namna ile kwenye foleni hospitali ya KCMC, namwelekeza.

Wa namna hiyo waje hata kumi, na wapewe vibali haraka. Wafundishe walezi, wakae na maafisa ustawi wetu, wasaidie kutafuta ndugu na kufuatilia watoto waliorudishwa majumbani. Kulisha, kuogesha, kubembeleza na kulaza tuachieni sisi tutakaokuwepo kesho, na mtulipe. Nilipoacha kazi mshahara wangu wa mwezi ulikuwa haujafika laki mbili, na wenzangu vijana walikuwa wanaondoka kwenda kuuza madukani mjini mara tu watoto wakiwazoea. Kwa hiyo hata sisi wa hapa tulikuwa tunawaacha, na hilo halina mzungu ndani yake.

Kuhusu yule mvulana, alirudi Mwika alipokuwa anakaribia kuanza shule, baada ya afisa mmoja mwanamama kung'ang'ania faili lake karibu mwaka mzima. Nilikwenda kuwatembelea. Hakunirukia. Alisimama nyuma ya bibi yake, ameshika khanga yake, mpaka bibi alipomwambia anisalimie. Akasema shikamoo kwa sauti ndogo, akakimbilia kwa mbuzi.

Mwandishi wa wiki iliyopita kama bado yuko Moshi, nitampeleka. Nauli ya daladala ni juu yangu, yeye abebe sukari na sabuni tu.

Mlezi mstaafu,
Pasua, Moshi
(Jina langu mnalo, msilichapishe)